Nafsi ya Mtoto katika Utendi wa Mwindo

Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na fanani Candi Rureke katika nchi ya Wanyanga, Walikale, mwaka 1956, na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, kwa kawaida huhakikiwa kama utendi wa shujaa. Uhakiki huo hupita haraka mno juu ya jambo la msingi: shujaa huyu ni mtoto ambaye baba yake mzazi alitaka kumwua. Shemwindo anamrushia mikuki, anamzika akiwa hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni.

Humo ngomani Mwindo anaimba. Katika nyimbo zake hujitaja kwa jina la sifa, kana kwamba anamwona mtoto mwingine. Wanasaikolojia, tangu enzi za Pierre Janet, wameeleza jinsi fahamu inavyoweza kugawanyika: mtoto asiyeweza kupigana wala kukimbia hujitenga na mwili wake, na maumivu yakawa ya "yule". Kiswahili kinamfaa sana mhakiki hapa, kwani neno nafsi lina maana zote mbili, ya roho na ya sarufi.

Hata hivyo, kumfanya Mwindo mgonjwa ni kuipotosha kazi. Kujitaja kwa nafsi ya tatu ni desturi ya majigambo, na Mwindo hana ganzi wala usahaulifu. Swali lenye uzito ni kwa nini yeye anapona. Utendi unalijibu kwa vitendo: shangazi yake Iyangura anaipasua ngoma, wasikilizaji wanaitikia nyimbo, na mwishowe Shemwindo anakiri uovu wake mbele ya baraza.

Watoto wa Masisi na Walikale waliopitia vita tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, ni wachache waliopata baraza la namna hiyo. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la wapiganaji Walikale, kifungo cha maisha, na kuwaingiza watoto jeshini kulikuwa miongoni mwa makosa yake. Lakini mahakama, kama mwandishi wa ripoti, hudai "nilipigwa". Mtoto akisema "alipigwa", akaruka siku nzima, akasimulia mauaji kwa sauti kavu, huonekana mwongo au asiyejua lugha. Mhakiki aliyezoea kuuliza nani anasimulia, na kwa nini nafsi imebadilika ghafla, angemsikia vizuri zaidi kuliko karani anayesahihisha kiambishi.