Binti Firauni na Ukurasa wa Kushoto: Maisha na Utunzi wa Nuala Ní Dhomhnaill

Mshairi anayetunga kwa lugha yenye wasemaji wachache huandamwa na swali ambalo mtunzi wa Kiingereza au Kifaransa haulizwi kamwe: kwa nini lugha hiyo? Nuala Ní Dhomhnaill, mshairi wa Ayalandi aliyezaliwa mwaka wa 1952, ameulizwa swali hilo katika muda wote wa maisha yake ya uandishi. Mnamo Januari 1995 alilijibu kwa insha ndefu katika jarida la vitabu la gazeti la New York Times. Insha yenyewe inaanza kwa kisa kifupi. Mtunzi anaongea na mamake kwa simu na kumweleza kwamba anawaandikia Wamarekani kuhusu sababu za kutunga kwa Kiayalandi. Mama, ambaye asili yake ni eneo la wasemaji wa lugha hiyo hiyo, anamjibu kwamba ni matumaini yake atawaambia wasomaji kuwa jambo hilo ni wazimu.

Wahakiki wengi wamekichukulia kisa hiki kama kichekesho. Sisi tunakiona kuwa ndicho kiini cha suala lote, kwani anayeitilia lugha shaka hapa si mkoloni wala mgeni, bali ni mzazi. Nia ya makala haya ni kuyatazama maisha na utunzi wa Ní Dhomhnaill kwa kuzingatia jambo moja ambalo husifiwa sana lakini halichunguzwi vya kutosha: uamuzi wake wa kutunga kwa Kiayalandi peke yake na kuwaachia washairi wengine kazi ya kuyafasiri mashairi yake kwa Kiingereza. Tunadai kwamba uamuzi huu ni sehemu ya sanaa yake, wala si mpango wa uchapishaji tu, na kwamba gharama yake inaonekana waziwazi ndani ya mashairi yenyewe iwapo msomaji atakubali kuuangalia ukurasa wa kushoto.

Historia ya lugha yenyewe yafaa iguswe, japo kwa ufupi. Kiayalandi kilikuwa kimeanza kurudi nyuma kabla ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, lakini njaa hiyo iliwaua na kuwatawanya hasa maskini wa magharibi, ambao ndio waliokuwa wasemaji wake. Shule za kitaifa zilizoanzishwa mwaka wa 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingi mtoto alivishwa kijiti shingoni, kiitwacho bata scóir, kikatiwa alama kila alipotamka neno la Kiayalandi, na jioni akachapwa kwa hesabu ya alama hizo. Msomaji aliyepitia shule za Kenya hahitaji kuelezwa zaidi; Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, amelisimulia jambo la namna hiyo katika Decolonising the Mind (1986). Tofauti ni kwamba huko Ayalandi wazazi wengi walishirikiana na mwalimu, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa nauli ya kwenda Marekani. Katiba ya 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Hata hivyo, sensa ya 2022 ilipata watu 71,968 tu wanaokisema kila siku nje ya mfumo wa elimu, katika nchi yenye zaidi ya watu milioni tano. Hadhi ya kikatiba na uhai wa lugha ni mambo mawili tofauti, na sisi wa Afrika Mashariki twalijua hilo vyema.

Ní Dhomhnaill hakuzaliwa ndani ya lugha hii. Alizaliwa Lancashire, Uingereza, na wazazi Waayalandi waliokuwa madaktari. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alipelekwa kwa shangazi yake karibu na Ceann Trá, katika rasi ya Corca Dhuibhne huko Kerry, ambako Kiayalandi kilikuwa lugha ya nyumbani, shambani na baharini. Baadaye aliishi na wazazi wake Nenagh, mji wa Kiingereza. Kwa hiyo lugha yake ya utunzi si lugha ya mama kwa maana nyepesi ya istilahi hiyo. Ni lugha ya shangazi, ya majirani, ya mahali. Nadhani ndiyo sababu hakuichukulia kamwe kama urithi usiohitaji kutetewa. Katika insha ya 1995 anaeleza kwamba akiwa msichana wa miaka kumi na sita hivi alikuwa akiandika shairi kwa Kiingereza, akatambua njiani kwamba anajifasiri mwenyewe, akaligeuza shairi likawa la Kiayalandi. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Alisoma katika chuo kikuu cha Cork, ambako jarida la Innti lilikuwa limeanzishwa mwaka wa 1970. Michael Davitt, Liam Ó Muirthile, Gabriel Rosenstock na yeye walikuwa vijana waliokataa dhana kwamba Kiayalandi ni lugha ya wavuvi wazee na wacha Mungu tu; walitunga juu ya mapenzi, mji na muziki wa kisasa. Baada ya kuolewa na mwanajiolojia Mturuki, aliishi nje ya nchi, Uholanzi na Uturuki, kwa miaka saba. Aliporejea Kerry mwaka wa 1980 hakukawia kuchapisha: An Dealg Droighin (1981), Féar Suaithinseach (1984), Feis (1991) na Cead Aighnis (1998). Kati ya 2001 na 2004 alishika kiti cha Profesa wa Ushairi wa Ayalandi, akiwa mshairi wa kwanza wa Kiayalandi kupewa heshima hiyo.

Diwani hizo nne ndizo kazi yake. Lakini jina lake halikuenea duniani kwa diwani hizo, na hapa ndipo penye utata. Lilienea kwa vitabu vya lugha mbili, Kiayalandi kushoto na Kiingereza kulia. Mfasiri wa kwanza aliyempa wasomaji wengi alikuwa Michael Hartnett, mshairi ambaye mwaka wa 1975 alikiaga Kiingereza hadharani kwa diwani iitwayo A Farewell to English, kabla ya kukirudia miaka kumi baadaye. Halafu kikaja Pharaoh's Daughter (1990), kitabu kilichowakusanya washairi kumi na watatu kama wafasiri, kisha The Astrakhan Cloak (1992) cha Paul Muldoon peke yake. Katika jina la kitabu hicho cha pili Muldoon anafanya mzaha: neno la Kiayalandi la tafsiri, aistriúchán, linasikika kama Astrakhan, joho la manyoya ya thamani. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Tafsiri ni vazi, na mtu anaweza kulisifia vazi akamsahau aliyelivaa.

Jina Pharaoh's Daughter limetokana na shairi "Ceist na Teangan", yaani suala la lugha. Humo mshairi anaweka tumaini lake ndani ya lugha kama mtu awekaye mtoto mchanga ndani ya kisafina kilichosukwa kwa majani na kupakwa lami, akakiacha majini asijue kitafika wapi, pengine mikononi mwa binti Firauni. Ni shairi fupi, na kila anayeandika juu ya Ní Dhomhnaill hulitaja. Usomaji uliozoeleka unasema kwamba binti Firauni ni msomaji, au ni bahati, au ni Kiingereza chenyewe katika sura ya huruma, na kwa hiyo shairi ni la matumaini. Usomaji huu si wa makosa, ila unaishia mapema mno.

Tuirudie hadithi katika kitabu cha Kutoka. Mtoto anaokolewa, naam. Mamake mzazi anaajiriwa kumnyonyesha, na analipwa ujira kwa kumlea mwanawe mwenyewe. Mwishowe anamkabidhi kwa jumba la mfalme, na anayempa jina ni binti Firauni. Jina ambalo ulimwengu mzima unamjua kwalo ni jina la jumbani. (Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba katika Kurani anayemwokoa Musa ni mke wa Firauni, si bintiye, tofauti hiyo haibadilishi hoja yetu, maana huko nako mama anarudishiwa mwanawe ili amnyonyeshe.) Tukiliangalia shairi kwa mwanga huu, kila kipengele kinapata mwenzake nje ya shairi. Mashairi yaliokolewa na Kiingereza. Mtunzi alipata wasomaji na mialiko kwa sababu ya wafasiri. Na dunia inayafahamu kwa majina waliyoyatoa wafasiri. Muldoon analiita shairi hilo "The Language Issue", na neno alilolichagua lina maana mbili katika Kiingereza: jambo linalobishaniwa, na uzao. Ni uteuzi wa ustadi mkubwa. Lakini neno la Kiayalandi, ceist, halina mtoto ndani yake. Mtoto aliyemo kwenye anwani ya Kiingereza amezaliwa jumbani.

Hoja hii inapata nguvu zaidi tunapoyafikia mashairi ya nguva, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kilele cha utunzi wake. Nguva wa ngano za magharibi mwa Ayalandi ni mwanamke wa baharini anayenyang'anywa vazi lake la uchawi na mwanamume wa nchi kavu, akaolewa, akazaa, na siku moja akalipata vazi lake akarudi majini. Ní Dhomhnaill anaichukua ngano hii na kuuondoa mwisho wake. Nguva wake hawarudi. Wamekaa nchi kavu vizazi kadhaa, ngozi zao zinawasha, na wanakana kwamba waliwahi kuyajua maji. Katika shairi mojawapo nguva anaamka hospitalini, anagundua kwamba mkia wake haupo na kwamba kuna vitu viwili virefu, vya baridi, kitandani mwake. Ni miguu yake. Ucheshi upo, tena mwingi, lakini ni ucheshi wa kutisha. Katika shairi jingine nguva hataki neno lolote linalohusu bahari litajwe mbele yake, ilhali katika hifadhi ya fasihi simulizi umo mswada ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mtunzi anaifahamu vizuri hifadhi hiyo, iliyoko katika chuo kikuu cha UCD, Dublin. Katika insha ya 1995 anaeleza kwa furaha isiyofichika jinsi faharasa yake ilivyo na sehemu ya viumbe wasio hai na vitu visivyokuwepo. Nguva ni mmoja wa hao: hayupo, lakini ana kadi yake.

Si vigumu kuona kwamba nguva hawa ni Waayalandi waliopoteza lugha yao katika karne ya kumi na tisa, na kwamba kukana kwao maji ni kimya kilichofuata njaa. Mama wa kisa cha simu naye hayuko mbali. Ila tuangalie anwani ya mfululizo huu. Kwa Kiayalandi ni "Na Murúcha a Thriomaigh", nguva waliokauka. Muldoon anaandika "The Assimilated Merfolk", nguva waliomezwa na jamii nyingine. Hata sisi tunaosoma kwa msaada wa kamusi tunaiona tofauti. Kukauka ni jambo la mwili: samaki hukauka, nguo hukauka, ziwa la mama hukauka. Halina mkosaji wala halina nadharia. Neno la Muldoon ni la mwanasosholojia. Linampa msomaji ufunguo kabla hajaufikia mlango. Anayesoma ukurasa wa kulia huambiwa istiari inamaanisha nini. Anayesoma wa kushoto hukauka pamoja na nguva.

Hatusemi kwamba Muldoon ni mfasiri dhaifu. Ni mshairi mkubwa, na Ní Dhomhnaill amempa uhuru huo kwa hiari. Wapo waliokataa hiari ya namna hiyo. Biddy Jenkinson, mwenzake anayetunga kwa Kiayalandi chini ya jina la kubuni, amekataa mashairi yake yafasiriwe kwa Kiingereza nchini Ayalandi. Msimamo wake una heshima yake, lakini nje ya Ayalandi nani anamsoma? Kwa upande mwingine yuko Ngũgĩ, aliyeandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu (1980) na kuifasiri mwenyewe kama Devil on the Cross (1982), ingawa Matigari aliiacha kwa Wangũi wa Goro. Mtunzi akijifasiri, matini zote mbili ni zake, na mhakiki mvivu anaweza kujiridhisha kwamba amesoma kazi halisi kwa kusoma Kiingereza. Ní Dhomhnaill, ambaye Kiingereza chake ni fasaha kiasi cha kuandikia insha, ameiziba njia hiyo. Ni nadra kupata ukurasa wa kulia unaoweza kudai kuwa wake. Kwa kuwaachia wengine sehemu kubwa ya tafsiri amehakikisha kwamba asili kwa kawaida haina pacha. Huu ndio ujasiri wake, na umeeleweka vibaya na wale wanaomsifu kwa ukarimu wake kwa wafasiri peke yake.

Tatizo limebaki kwa wasomaji, hasa katika vyuo vikuu. Mashairi ya nguva yalichapishwa kwa Kiayalandi katika Cead Aighnis mwaka wa 1998. Kitabu cha lugha mbili cha Muldoon, The Fifty Minute Mermaid, kilitoka 2007. Msomaji wa Kiingereza anayeipanga kazi yake kwa miaka anayaweka mashairi haya baada ya uprofesa wa 2001 hadi 2004, kama tunda la heshima hiyo. Msomaji wa Corca Dhuibhne alikuwa nayo mkononi miaka mitatu kabla ya kiti hicho kutolewa.