Upana Kwanza, Nguvu Baadaye: Mashine ya Kukatia Nyasi kwa Kiwanja Kikubwa

Mwaka 1830 fundi Mwingereza aitwaye Edwin Beard Budding, mkaazi wa upande wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, alipewa hati ya kumhifadhia uvumbuzi wake wa mashine ya kukatia majani, ambayo wazo lake alilipata katika viwanda vya nguo, mahali ambapo silinda iliyozungushiwa visu ilikuwa ikinyoa manyoya ya juu ya nguo za sufu hata uso wa nguo ukawa sawasawa. Mashine ile ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 19, ikisukumwa na mtu kwa mikono yake, na kwa ua wa nyumba ilitosha kabisa. Taabu ilidhihiri pale wenye mashamba na majumba makubwa walipotaka iwakatie viwanja vya ekari nzima nzima. Na jawabu la taabu hiyo lilitoka Uskochi, katika mji wa Arbroath, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1840 Alexander Shanks aliunda mashine ya inchi 27 iliyovutwa na farasi mdogo.

Faida ya inchi hizo nane haionekani mpaka mtu apige hesabu. Kiwanja cha ekari mbili na nusu kikikatwa kwa upana wa inchi 19, hata kama mstari mmoja haupandi juu ya mwenzake, humtembeza mkataji takriban kilomita 21. Kwa inchi 27, safari ile ile huteremka chini ya kilomita 15, na mwenye kuivuta si binadamu tena. Na kwa kuwa kwato zingeharibu majani yale yale yaliyokusudiwa kupambwa, desturi ikawa kuwavisha farasi hao viatu vya ngozi, jambo ambalo mimi huliona ni dalili ya akili pevu, kwani waliofikiri hivyo walitambua kuwa uzito wa chombo na alama zake ardhini ni sehemu ya kazi ya kukata.

Hesabu hiyo haijabadilika tangu zama za Shanks, nayo ndiyo inayosahauliwa dukani, ambako mnunuzi huulizia kwanza nguvu za injini. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Mwenye mashine ya kusukuma yenye upana wa nusu mita atatembea zaidi ya kilomita 14, na kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa kazi itamla saa tatu na nusu na ushei kabla hajapumzika wala kumwaga majani; ilhali mwenye mashine ya kupanda, yenye upana wa mita moja na kitu, akienda kilomita 6 kwa saa, ataumaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi, tukimhesabia na kugeuza pembeni. Injini yenye nguvu maradufu juu ya upana ule ule wa nusu mita haipunguzi hata hatua moja ya safari hiyo.

Upana ukishajulikana, ndipo lije suala la namna ya kukata, na hapa pana tofauti ya asili. Silinda ya Budding hukata kama mkasi, kwa kuyabana majani baina ya visu vinavyozunguka na kisu kilichotulia chini, na mkato wake ni safi mno. Fundi huupima kwa kuingiza kipande cha karatasi katikati na kuizungusha silinda taratibu kwa mkono, akitazama kama karatasi inakatika toka mwisho hadi mwisho. Lakini ala hii yataka ardhi iliyosawazishwa, isiyo na mawe, na majani yasiyoachwa yakarefuka, maana yakishakuwa marefu huyalaza badala ya kuyakata. Kisu cha bapa kinachozunguka chini ya kifuniko hakibani kitu: huyapiga majani kwa kasi, na kwa hiyo hustahimili majani marefu, magugu na ardhi ya mabonde mabonde. Kikiwa butu, hata hivyo, hurarua; na baada ya siku moja au mbili ncha zote za majani hugeuka rangi ya udongo, kiwanja kizima kikaonekana kimeungua hali maji yapo.

Kwa pwani yetu, ambako kiwanja aghalabu ni ukoka, na kwa nyanda za juu za Kenya, asili ya nyasi za Kikuyu zitambaazo kwa nguvu, majira ya masika ndiyo yanayoamua. Kanuni ya watunza viwanja ni kutokata zaidi ya thuluthi ya urefu kwa mara moja: anayetaka sentimita 6 akate yafikapo 9. Lakini mvua ikishika siku mfululizo, ardhi haikanyagiki, na kanuni huvunjika bila ya taksiri ya mtu. Majani yakarefuka, nayo silinda huyalaza tu; basi ibaki kwa viwanja vya gofu, ambavyo majani ya kandokando ya shimo hukatwa kwa milimita chache tu, na kwa viwanja vyenye trekta la kuvuta silinda kadhaa pamoja na fundi wa kuzinoa.

Kiwanja chenye minazi au miembe mingi katikati kinafaa mashine iwezayo kugeuka papo hapo. Chenye mteremko mkali hakifai mashine ya kupanda ya aina yoyote, kwani hupinduka, na aliyepindukiwa huweza kupoteza maisha.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu na kamati za viwanja: pimeni kwanza kwa futikamba, mkague mawe na miteremko, kisha ndipo mwende dukani. Kwa uwanja wa shule uliojaa ukoka, wenye vishimo vyake na masika yake, chaguo langu ni mashine ya kupanda ya kisu cha bapa yenye upana wa mita moja au zaidi, na visu vya akiba viwili vilivyonolewa.