Uwiano wa Nini? Uhakiki wa Tafsiri ya Zoezi Moja la Kemia

Katika toleo hili tumeona tuweke kando riwaya na ushairi, tuhakiki matini ya namna nyingine: zoezi fupi la kemia lililofasiriwa na kundi la wanafunzi wetu wa somo la tafsiri. Huenda msomaji akauliza walimu wa Kiswahili wanatafuta nini huko. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo Tanzania. Msamiati wa kemia upo. TUKI walitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kilichopungua ni vinywa vya kuusema. Istilahi ambayo haijasemwa darasani haijulikani itamkwama nani na wapi.

Tafsiri ilisomeka hivi: "Propani na oksijeni huungana kwa uwiano wa 1:5. Mtungi una kilo 12 za propani. Tafuta uzito wa oksijeni inayohitajika ili gesi yote iungue." Kisarufi hatuna neno. Ni Kiswahili safi, na tunawapongeza kwa kuepuka "mamoli", ambayo yalikuwamo katika rasimu ya kwanza na kutuchekesha. Lakini tulipowapa wenzao waisome, wengi walizidisha 12 kwa 5 wakajibu kilo 60. Jibu hilo ni kosa, na tunadai kuwa kosa ni la sentensi kabla ya kuwa la msomaji.

Sentensi ile haikusema uongo. Ilisema nusu. Moja kwa tano ya nini? Kwa moli ni kweli. Hata kwa ujazo ni kweli, maadamu gesi zote mbili ziko katika joto na kanieneo moja. Kwa kilo si kweli hata kidogo. Mfasiri aliiacha nomino nje, na neno "uzito" lilipofuata, msomaji akalirudisha nyuma likajaza pengo. Ndivyo wasomaji wafanyavyo.

Baadhi ya wanafunzi walijitetea kwamba Kiswahili hakina mazoea ya uwiano wa namna hii. Hapo tulikataa, tukawachukua mpaka Gahanga, wilayani Kicukiro, kwenye barabara iendayo Nyamata, ambako nyumba zinajengwa kila upande. Fundi mmoja alikuwa akichanganya zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Mwanafunzi akamuuliza, "Fundi, hizo ni kilo?" Akajibiwa kwamba ni karai, na kwamba anayetaka kupima kokoto kwa kilo hatamaliza msingi mwaka huu. Fundi anajua vizuri kuwa karai ya saruji na karai ya kokoto hazina uzito mmoja. Anahesabu vyombo. Akitakiwa kununua, ndipo anapogeuza karai kuwa mifuko ya kilo 50.

Mkemia naye hufanya vivyo hivyo, ila badala ya karai ana moli. Moli ni neno la kuhesabia, ndugu ya dazani na korija. Korija ya kanga na korija ya mablanketi zote ni 20, wala hakuna mchukuzi atakayekubali kuwa mizigo hiyo ni sawa. Moli ni 6.022 × 10²³ badala ya 20, basi. (Tangu Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kimataifa kuwa kamili, lakini jambo hilo halimsumbui mfasiri.)

Turudi kwenye mtungi. Moli 1 ya propani, C₃H₈, ina gramu 44. Moli 1 ya oksijeni, O₂, ina gramu 32. Gramu 12,000 ukigawanya kwa 44 unapata moli 272.7. Hapa tu, na si kabla, ndipo 5 inapoingia: moli 1,363.6 za oksijeni. Zidisha kwa 32, utapata gramu 43,636, yaani kilo 43.6. Tofauti na jibu la darasani ni zaidi ya kilo 16. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 23 tu ya tungamo lake, hivyo mtungi mmoja unadai hewa ya kilo 188 hivi kabla haujaisha. Jiko likifungiwa chumbani oksijeni ikapungua, hutokea monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na yenye kuua. Mtu anayefasiri maelezo ya majiko atakutana na nambari za namna hii nje ya darasa.

Kuhusu "uzito" hatutapigana sana. Neno sahihi ni "tungamo", na katika matini ya kitaaluma tunalitaka. Hata hivyo, aliyeandika "tungamo la oksijeni" lakini akaacha "uwiano wa 1:5" peke yake angewapotosha wasomaji walewale. Sokoni kilo ni uzito, na hakuna aliyekosea hesabu kwa sababu hiyo.

Dawa ni "kwa kila". Maneno hayo mawili hayakubali kusimama bila nomino, na upatanisho wa sarufi unambana mwandishi aitaje: moli 1 ya, moli 5 za. Tafsiri tunayoipendekeza ni hii: "Kwa kila moli 1 ya propani inayoungua kikamilifu hutumika moli 5 za oksijeni. Mtungi una kilo 12 za propani. Tafuta tungamo la oksijeni inayohitajika." Sehemu ya pili ya zoezi, inayohusu kaboni dioksidi na maji yanayotoka, tumewarudishia waifasiri upya. Wajipime kwa kilo 36 na kilo 19.6, zikijumlishwa zinapaswa kulingana na propani na oksijeni zilizoingia.