Vita vya Voi Ndani ya Halo 3: Adui Alivyofundishwa Kupigana, na Kilichosahauliwa

Tarehe 25 Septemba 2007, kampuni ya Bungie ya Marekani ilitoa Halo 3, gemu ya vita vya anga za juu iliyotengenezewa mashine ya Xbox 360. Mchezaji anaanzia katika msitu wa Afrika Mashariki, anapita kambi iliyojengwa ndani ya mlima, anashika barabara ya Tsavo, kisha anaingia Voi. Ndiyo, Voi hii yetu. Katika hadithi ya gemu hiyo ni Novemba 2552. Jeshi la viumbe wageni liitwalo Covenant limefukua mtambo wa kale uliozikwa karibu na mji, na binadamu wanataka kulizuia lisiuwashe.

Huku kwetu wengi tulikulia kwenye PlayStation na kandanda, na kwa muda mrefu Halo 3 ilipatikana kwa mwenye Xbox peke yake. Tangu Julai 2020 Halo 3 inachezwa pia kwenye kompyuta, kwa hiyo kijana wa Voi, Mraru au Mwatate anaweza kuutetea mji wake mwenyewe. Nimeichambua kwa jicho la mwenyeji, na nimefikia hukumu moja: watengenezaji wake walijua sana namna ya kumfundisha adui kupigana, lakini hawakuijua ardhi waliyompiganishia. Yote mawili yana funzo kwa yeyote anayetaka kutengeneza gemu hapa nyumbani.

Barabara ya Tsavo: usimwachie mwenzako usukani

Hatua iitwayo Tsavo Highway ni misheni ya msafara. Shujaa, Master Chief, anapewa gari la Warthog lenye nafasi tatu: dereva, abiria wa mbele, na mpiganaji wa nyuma anayeshika bunduki kubwa inayozunguka. Kazi ni kufungua njia hadi Voi.

Hapa ndipo misheni nyingi huharibika mapema. Mchezaji hutamani kushika ile bunduki ya nyuma, akamwachia usukani askari anayeendeshwa na kompyuta. Askari huyo ni dereva mbovu. Hugonga mwamba, hurudi nyuma, hugonga tena, na mara nyingine husimama mbele ya adui wakati mizinga inamwelekea. Kanuni ya kwanza basi ni kuendesha mwenyewe na kumwachia mwenzako bunduki. Shabaha yake ni nzuri kuliko uendeshaji wake.

Kanuni ya pili inahusu abiria. Halo 3 inakuruhusu kubadilishana silaha na askari wako, na risasi za askari wa kompyuta haziishi. Ukimpa abiria bomba la roketi, umegeuza gari dogo kuwa mzinga unaotembea. Lakini silaha hiyohiyo huwamaliza ninyi wenyewe, kwa sababu askari huyo hapimi umbali. Adui akisogea hadi kwenye bampa, atafyatua tu, na mlipuko utawachukua nyote watatu. Dawa yake ni kuendesha kwa duara pana, adui akibaki katikati na ubavu wa gari ukimwelekea. Hapo bunduki ya nyuma inamwona muda wote na roketi inatua mbali nawe.

Usikutane uso kwa uso na Chopper, pikipiki kubwa ya Covenant yenye magurudumu ya visu mbele. Ikikugonga kwa kasi, Warthog imekwisha. Ipishe, kisha uipige ubavuni, ambako dereva wake amekaa wazi.

Katikati ya safari ukuta wa nishati unaziba barabara yote. Gari halipiti, na kombora halisaidii. Lazima ushuke, upenye kwa miguu katikati ya maadui, uzime mtambo wa ukuta huo, ndipo msafara uendelee. Wasiosoma uwanja hupoteza muda mwingi wakiushambulia ukuta. Waliobuni hatua hii walikusudia kukunyang'anya gari kwa muda, ili ukirudishiwa ulithamini zaidi.

Adui aliyepewa kazi badala ya kukaririshwa

Hatua inayofuata, The Storm, ndiyo Voi yenyewe: viwanda, mabohari, yadi za makontena, na mzinga mkubwa wa kuzuia ndege ambao lazima ulipuliwe ili meli za binadamu zipite. Ni hapa ufundi wa ndani wa Halo 3 unapoonekana vizuri zaidi.

Katika gemu nyingi za zamani, na hata katika Halo 2 ya 2004, mbunifu alikuwa akikiandikia kila kikosi cha maadui maelekezo ya hatua kwa hatua: simama hapa, mchezaji akifika pale rudi kule, mkibaki wawili kimbieni. Kikosi kimoja hakina shida. Vikosi sita katika uwanja mmoja ni balaa, maana kila badiliko linahitaji agizo lake, na agizo moja likisahaulika utamkuta adui amesimama ukutani kama aliyepotea njia.

Damian Isla, aliyeongoza kazi ya akili ya maadui katika Bungie, alieleza suluhisho lao katika mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco mwaka 2008. Badala ya kuandika nani afanye nini na lini, mbunifu anaandika orodha ya kazi zilizopo uwanjani, zikipangwa kama mti: linda mlango, shika ghorofa ya juu, zunguka ubavuni, rudi nyuma. Kila kazi ina masharti yake, umuhimu wake, na idadi ya wapiganaji inaowahitaji. Kisha vikosi vinamiminwa juu ya mti, navyo vinateremka kama maji ya mfereji shambani: yanaingia tuta lenye kiu kwanza, likijaa yanasogea kwa jingine. Mchezaji akiua watatu kwenye ghorofa, nafasi inafunguka pale, na waliokuwa akiba wanapanda wenyewe. Hakuna aliyewaamuru wapande. Kazi ndiyo iliyowaita.

Ndiyo maana ukirudia pambano lileile la bohari mara kadhaa halifanani. Na ndiyo maana ipo mbinu inayofanya kazi karibu kila mara, yaani kuvunja uongozi. Wakubwa wa Covenant katika gemu hii ni Brute, majitu yenye deraya inayopasuka ikipigwa vya kutosha. Chini yao wako Grunt, wadogo na waoga. Mlenge Brute kwanza. Ipasue deraya kwa risasi za mbali, mrushie bomu la mkono, kisha msogelee umpige kwa mkono. Akianguka, Grunt wengi hutawanyika huku wakipiga kelele, na wachache hushika mabomu mawili na kukukimbilia ili mfe pamoja. Usishangilie mapema. Rudi hatua chache, uwapige wakiwa mbali.

Scarab: mlima unaotembea

Pambano linalokumbukwa zaidi ni la Scarab, mtambo wa vita wenye miguu minne na ukubwa wa jengo. Katika Halo 2, Scarab ilifuata njia iliyochorwa mapema, na mchezaji aliifuata tu hadi iliposimama. Katika Halo 3 imepewa akili yake: inatembea inakotaka, inakutafuta, na imebeba kikosi kizima mgongoni.

Njia ya kuiangusha ina hatua tatu. Kwanza, piga viungo vya miguu kwa roketi, ukizunguka kwa gari jepesi, hadi ipige magoti. Pili, ipande wakati imeinama, au irukie kutoka kwenye madaraja ya chuma yaliyo juu ya uwanja. Tatu, kimbilia sehemu ya nyuma, vunja kifuniko, lipue kiini, kisha ruka.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Kiini kikiharibika, mtambo hauanguki papo hapo. Hutetemeka kwa sekunde kadhaa kabla ya kulipuka. Mchezaji aliyezama kwenye ushindi hubaki humo akiwamalizia maadui waliosalia, na mlipuko unamkuta ndani. Kazi ilikwisha ulipokivunja kiini. Kilichobaki ni kuondoka.

Baada ya hapo mzinga wa kuzuia ndege unalipuliwa, meli zinapita, na hadithi inageuka: mtambo wa kale unawaka hata hivyo. Kila agizo lilitimizwa, lengo likapotea. Kisha meli iliyojaa vimelea viitwavyo Flood inaanguka mjini, na hatua ya Floodgate inakurudisha kwenye mabohari yaleyale uliyoyakomboa. Huu ni ubunifu wa hali ya juu. Ramani unaijua, lakini mbinu zako zote zimepitwa na wakati. Flood hawajifichi wala hawaogopi kiongozi wao akifa, na maiti ya askari aliyekuwa upande wako inaweza kuinuka na kukushambulia. Bunduki ya masafa haikufai tena. Unahitaji ya karibu, moto, au upanga.

Ardhi ambayo gemu haikuijua

Sasa nije upande wa pili wa hukumu yangu. Vita vya kweli vilishapiganwa katika kaunti hii ya Taita Taveta, na vina somo ambalo Bungie hawakulitumia.

Agosti 1914, majeshi ya Wajerumani kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yaliteka Taveta, kisha yakajichimbia kwenye kilima cha Salaita, kwenye njia ya kuelekea Voi. Waingereza walianza mwaka 1915 kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau, kwa sababu katika nyika ile jeshi lilikwenda hadi pale tu maji na chakula vilipofika. Tarehe 12 Februari 1916, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson alituma maelfu ya askari, wengi wao kutoka Afrika Kusini, waende moja kwa moja kukichukua kilima. Mizinga ilipiga kileleni, ambako walidhani ndiko kwenye mahandaki. Mahandaki halisi yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Askari walipokaribia walipokewa kwa bunduki za rashasha, kisha wakashambuliwa, na jioni hiyo zaidi ya 170 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts wa upande wa Waingereza alipeleka jeshi kwa kuzunguka upande wa Ziwa Chala. Wajerumani walipoona njia yao ya nyuma inakaribia kukatwa, walikiacha kilima.

Tazama jinsi vita hivyo vilivyoamuliwa na vitu vitatu: maji, kichaka, na umbali. Katika Voi ya Halo 3 hakuna hata kimoja kinachompa mchezaji mtihani. Mchezaji hapati kiu. Kichaka cha miiba, ambacho katika Tsavo halisi humfanya mtu asione alipo mwenzake, kimegeuzwa nyasi kavu na mawe. Wafanyakazi wachache wa kiwanda wanaonekana wakipigana, lakini soko, stendi, stesheni ya reli na mashamba ya mkonge hayapo. Ukibadilisha jina Voi ukaandika jina la mji wowote wa viwanda duniani, hakuna kitakachopotea.

Fikiria kisa kimoja tu cha kijiji cha Mraru. Katika miaka ya 1970, wanawake wa kijiji hicho walikuwa na tatizo la usafiri. Mabasi ya kwenda Voi yalipofika kwao yalikuwa yameshajaa, na mwanamke mwenye mboga za kuuza au mtoto mgonjwa aliachwa barabarani. Walichanga pesa kidogo kidogo, wakatafuta mkopo wa kujazia, wakanunua basi lao wenyewe. Habari hiyo iliandikwa na kusomwa mbali sana na Taita. Angalia mpangilio wake: lengo lililo wazi, kikwazo cha kweli, rasilimali haba, washirika wa kuwashawishi, na njia ileile ya Voi ambayo Halo 3 iliijaza milipuko. Huo ni muundo kamili wa misheni, na anayeijua ardhi hiyo angeutengenezea gemu bora kuliko mgeni yeyote.

Hili si jambo lisilowezekana. Mwaka 2015, Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya Kikenya ambamo viumbe wageni wanauvamia mji mkuu. Kwa hiyo mlango umeshafunguliwa, na pale nje ya Voi tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta chenye vijana wanaosomea kompyuta.

Kwenu ninyi nina ombi. Chukueni kutoka Halo 3 ule mti wa kazi, maana ni fundisho ambalo halijazeeka: mpe adui kazi, usimkaririshe. Kisha muweke juu yake vitu ambavyo Bungie hawakuvijua, yaani kiu ya nyika, miiba inayoziba macho, kilima chenye mahandaki chini na kileleni patupu, basi linalopita limejaa. Anzeni na hatua moja fupi, kutoka Mraru hadi Voi, na mhakikishe mchezaji hawezi kuimaliza kabla hajajifunza kuisoma ardhi.