Ndari ya Nani?

Juzi kwenye matatu kutoka Meru, tukishuka Embu, dereva aliweka "Ndari ya Mwarimu". Wazee wakatabasamu. Mimi nilishindwa.

Joseph Kamaru (1939–2018) alikuwa wa Murang'a, lakini Kikuyu chake huku Embu hakihitaji mkalimani. Miaka ya 60 mwalimu wa kijiji alikuwa mtu wa kuvuliwa kofia. Kamaru akaimba kwamba huyohuyo anamtongoza mwanafunzi wake. Walimu wakachemka, wakatishia kugoma. Hasira yote ikauangukia wimbo, jamani!

Ujanja uko kwenye jina. "Mwarimu" ni heshima. "Ndari" ni ile "darling" ya Kizungu, neno la barua za mapenzi. Kamaru kayakalisha dawati moja, na aibu ikaonekana bila matusi. Ila hapo ndipo nina neno naye. Utamu wa "ndari" unamfanya mtoto wa shule aonekane mpenzi, na watu wanacheka.

Shuleni kwetu dawati la mwenzangu lilibaki tupu muhula wa pili. Mwalimu alihamishwa tu. Yeye kijijini alibaki na jina la utani: hilohilo.