Sifa ya Mkono Urushao

Katika fani zote zinazotegemea kiwiliwili cha mwanadamu, sijaona iliyo ya upweke na ya hesabu kama fani ya mrushaji wa mpira wa besiboli, mtu ambaye husimama juu ya tuta la udongo, mbele yake mpigaji aliyeinua gongo, nyuma yake wenzake saba waliotawanyika uwanjani wakimtazama mgongo, na ambaye, mpaka akunjue mkono wake, hakuna mchezo. Tuta hilo lina kimo cha inchi 10, na zamani lilikuwa inchi 15. Lilishushwa mwaka 1969 kwa sababu mwaka uliotangulia warushaji, na mbele yao Bob Gibson wa St. Louis, waliwatesa wapigaji kiasi cha wakuu wa mchezo kuona kwamba ustadi umepita mpaka na lazima upunguzwe kwa sheria. Ni mafundi wachache duniani waliopata heshima ya namna hiyo.

Msomaji wa Temeke au Kinondoni ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini yeye, ambaye furaha na huzuni ya mwisho wa juma wake imekwisha kugawanywa baina ya Simba na Yanga. Jawabu langu ni kwamba mitaa ya Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala imejaa warushaji tangu zamani, na walio hodari aghalabu ni wasichana. Katika mchezo wa rede wawili husimama pande mbili, na mwenzao wa katikati hujaza mchanga katika chupa huku akiukwepa mpira wa soksi na matambara. Na yeyote aliyeketi barazani jioni akawatazama kwa makini amekwisha ona kwamba bora wao si yule atupaye kwa nguvu, bali ni yule atazamaye upande huu akatupa upande ule, atishaye mara mbili asitupe, kisha akautuma mpira polepole wakati mwenziwe amekwisha ruka na hana tena pa kukimbilia. Hadaa hiyo ndiyo roho ya kazi ya mrushaji wa kulipwa. Yaliyobaki ni mazoezi ya miaka.

Na mazoezi hayo si haba. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hata 149, umefunikwa kwa ngozi iliyoshonwa kwa jozi 108 za mishono ya uzi mwekundu, na masafa baina ya mrushaji na mpigaji, yaliyowekwa mwaka 1893 na yasiyobadilika mpaka leo, ni mita 18.44, ambayo mpira uendao kilomita 150 kwa saa huyamaliza kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Wajinga hudhani mwendo huo hutoka begani. Hutoka mguuni, hupanda nyonga, huzunguka kiuno, hupita kifuani, na mkono huwa wa mwisho kupokea kilichokusanywa na mwili mzima. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndivyo vinavyotoa hukumu: vikiukwaruza mshono hivi, mpira huzunguka ukipinga mvuto wa ardhi, na mpigaji huuona kama unaoelea, vikiukwaruza vinginevyo, huzunguka kwa kinyume, ukamjia usawa wa kifua na kuporomoka magotini. Upo na mpira wa tatu, nao ndio niupendao mimi, urushwao kwa mwendo uleule wa mkono na ghadhabu ileile ya uso, lakini umeshikwa kwa ndani zaidi kiganjani, hata ukaja taratibu, na mpigaji akapiga hewa kabla haujafika. Mtu mzima, mwenye nguvu, amedhalilishwa mbele ya maelfu kwa jambo lililofichwa katika mshiko wa vidole.

Njia ya kuufikia ustadi huo kwa ujira ni ndefu, nayo haina huruma. Kijana hutiwa mkataba angali na miaka 16 au 18, hupelekwa katika chuo cha klabu, aghalabu katika Jamhuri ya Dominika ambako klabu zote 30 za ligi kuu ya Marekani zina vyuo vyao, kisha hupandishwa daraja moja baada ya moja katika ligi ndogo, akilala ndani ya mabasi na kucheza katika miji ambayo hataikumbuka. Mpaka mwaka 2023, ambapo wachezaji wa ligi hizo walipata mkataba wao wa kwanza wa chama, waliokuwa chini kabisa walilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Baada yake zikawa 19,800. Walio wengi huishia njiani. Waafrika walioimaliza njia hii wanahesabika kwa vidole: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu mwaka 2017, lakini hakuwa mrushaji, na mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika, Tayler Scott, wa nchi hiyohiyo, alimfuata mwaka 2019.

Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuanza safari. Mwaka 2011 watoto wao walistahiki kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi na Los Angeles Dodgers, na baada yao David Matoma akachukuliwa na Pittsburgh Pirates. Si bahati iliyoanguka kutoka mbinguni: palikuwa na uwanja, palikuwa na walimu, na palikuwa na watoto waliorusha kila siku.

Dar es Salaam nayo haiko mikono mitupu. Wajapani waliuleta mchezo huu katika Shule ya Sekondari Azania, na mwaka 2018 ukafunguliwa hapo uwanja uliopewa jina la Koshien, kwa heshima ya uwanja mashuhuri wa Nishinomiya ambao tangu mwaka 1924 umekuwa kama kaaba ya wanafunzi wacheza besiboli wa Japani. Jina ni zuri, lakini limekuja pamoja na onyo lake. Katika Koshien ya Japani, mwezi Agosti 1998, kijana Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mchezo mmoja, na siku mbili baadaye akacheza fainali pasipo mpigaji yeyote kuupata mpira wake kwa halali. Taifa zima lilimshangilia. Alikwenda Boston, akatwaa ubingwa mwaka 2007, na mwaka 2011 kisugudi chake kilipasuliwa na madaktari. Siwezi kuapa kwamba mipira ile ya utotoni ndiyo iliyomdhuru; lakini mkono ni mali yenye kikomo, na anayeitumia kwa kutaka makofi ya siku moja amekopa kwa riba kubwa.

Upasuaji huo una jina la mrushaji, Tommy John, ambaye mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimtia kisugudini ukano uliotolewa katika mkono wake wa pili. Watu walimzika angali hai. Alirudi mwaka 1976, akashinda michezo 164 zaidi, akastaafu na miaka 46. Naye Satchel Paige, aliyezuiwa na ubaguzi wa rangi katika ujana wake wote, aliingia ligi kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Na mwaka 2012 Jamie Moyer, mwenye miaka 49, alishinda mchezo kwa mipira isiyofika kilomita 130 kwa saa, ambayo vijana wa shule huizidi. Nguvu ilikuwa imekwenda zake zamani. Kilichobaki kwao kilikuwa maarifa. Ndipo naisifu fani hii kuliko nyingi za viwanja, kwa kuwa humwachia mzee jambo la kufanya.

Basi nawaomba walimu wakuu wa Temeke na Kinondoni, kabla viwanja vya shule havijamezwa na nyumba na fremu za maduka: tengeni mita ishirini za ardhi iliyo sawa kando ya ukuta mmoja, waiteni wasichana wa rede kwanza, kisha wavulana, na mwalimu mmoja akae kando na daftari, ahesabu kila mpira unaorushwa, na idadi ikitimia awaambie waende nyumbani, hata kama wanashinda.