Henrietta Lacks akisomwa Butembo: seli zinaishi, mama anasahauliwa

Ndugu wahitimu, na ninyi mungali kwenye masomo, nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa naandika kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilizunguka mitaa ya Butembo na karatasi za maswali. Kichwa munakijua, kila mwaka kuna mtu anakiandika: maarifa, mtazamo na mazoea ya wanawake kuhusu kansere ya mlango wa kizazi. Nikamuuliza mama mmoja muuza ndizi kama amekwisha kupimwa. Akasema hapana. Nikatia alama kwenye kisanduku, kisha nikamshauri kama msomi: "Mama, ni vizuri upimwe." Akaniangalia. "Sawa, mwanangu. Wanapimia wapi? Na ni pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini kwenye hitimisho niliandika kwamba wanawake hawana maarifa ya kutosha. Nikapewa alama nzuri.

Swali la mama yule lilinirudia nilipomaliza kitabu cha Rebecca Skloot juu ya Henrietta Lacks, kilichotoka mwaka 2010. Nilikisoma kwa Kifaransa, usiku, ku simu. Henrietta alikuwa mama mweusi wa Marekani, mwenye watoto watano. Mwaka 1951 alilazwa kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na kansere hiyohiyo. Waganga walikata kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Yeye alifariki mwezi wa Oktoba mwaka uleule, na miaka 31 tu. Seli zake hazikufa. Ziliitwa HeLa, zikazaana katika maabara za dunia nzima, zikasaidia hata chanjo ya polio. Familia yake haikujua kitu kwa miaka zaidi ya 20.

Kitabu ni kizuri, sitaki kudanganya. Skloot hakukaa ofisini. Alitembea na Deborah, binti wa Henrietta, akamwachia nafasi ya kukasirika, kuogopa na kucheka. Mtu akimaliza kusoma hawezi tena kusema "sampuli" bila kuona sura ya mtu. Kwa mwanafunzi yeyote anayekwenda kuchukua damu vijijini, hiyo peke yake inatosha kukipendekeza.

Lakini mimi nina lawama moja. Kitabu kinafuata seli na kuacha ugonjwa nyuma. Seli zinasafiri, zinauzwa, zinagombaniwa, na sisi tunazifuata ukurasa kwa ukurasa. Kansere yenyewe inabaki mlangoni. Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kansere hii inaletwa na virusi vya HPV, na ndani ya seli za Henrietta mwenyewe mulikuwa HPV aina ya 18. Kazi hiyo ilimpa Nobel mwaka 2008, na chanjo ilikuwa imeshaanza kutumika tangu 2006. Kitabu kinaigusa habari hiyo na kupita haraka. Kwangu mimi hapo ndipo pangekuwa moyo wa hadithi: ugonjwa uliomuua Henrietta unaweza kuzuiwa, na wanawake bado wanakufa nao.

Skloot anauliza: nani alichukua, na nani alifaidika? Swali la haki. Ukilisoma ukiwa Butembo ao Beni, linazaa lingine: nini kilirudi kwetu?

Musiniambie kwamba kwetu utafiti hauwezekani kwa sababu ya vita. Tarehe 20 Novemba 2018, katikati ya Ebola, ulianza hapa utafiti wa PALM, chini ya Profesa Muyembe wa INRB na wenzake wa nje. Jina lake ni Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Beni, Mangina, Katwa, Butembo: wagonjwa 681, dawa nne, kila mmoja akipangiwa dawa kwa bahati nasibu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na utafiti haukufa. Agosti uleule dawa mbili zilionekana kushinda zingine. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwetu.

Na Desemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya PALM kuanza, Kenya nao walianza utafiti wao, KEN SHE: wasichana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba sindano moja tu ya chanjo inakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili mbaya zaidi za HPV, katika miezi 18 ya kwanza. Mwishoni mwa 2022 OMS ikakubali dozi moja inaweza kutosha. Dozi moja! Kwa sehemu ambako barabara inafungwa wiki nzima, hiyo si habari ndogo.

Sasa, Ebola ilivuka mipaka, ikaogopesha wakubwa, pesa zikaja. Kansere ya mlango wa kizazi inachukua miaka kumi na zaidi, inaua mama mmoja mmoja, kimya, nyumbani kwake. Haimwogopeshi mtu wa mbali. Ndiyo maana inabidi sisi tuipigie kelele.

Basi someni kitabu, mulie na Deborah. Kisha mufungue kazi zenu wenyewe, kama nilivyofungua yangu. Tumewauliza akina mama wanajua nini. Ni nani kati yetu amekwenda kuhesabu vituo vinavyopima kwa siki, siku gani, kwa franga ngapi, na mama akikutwa na kitu anatumwa wapi? Hiyo nayo ni utafiti, na haiombi maabara ya Baltimore.

Mwenye kuwa na jibu la mama wa ndizi aliandike hapa chini. Nitampelekea mwenyewe.